Duka la vitabu la wanachama hapo Mwanga: fremu isubiri

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mwanga, Kigoma. Tuko watu 23: walimu, wauguzi wawili, fundi cherehani, akina mama wanaouza dagaa Kibirizi na vijana waliomaliza chuo. Hapa kwetu mtu akitaka kitabu cha hadithi anaagiza Dar es Salaam. Tumeamua kufungua duka la vitabu la ushirika, liwe mali yetu wote. Kila mmoja ametoa shilingi 50,000, kwa hiyo tuna 1,150,000 mkononi, na tumeshaona fremu nzuri karibu na soko. Tuanzie wapi, na tufanyeje lisife baada ya mwaka mmoja?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi ya hesabu, na neno langu la kwanza ni hili: hiyo fremu iacheni kwanza.

Nakwambia haya nikiwa Tabora, mji wa reli moja na ninyi, ambako niliuza vitabu miaka kumi na miwili kabla sijahamia kazi ya kuvifundisha vyama vya ushirika kutunza hesabu. Utamu wa fremu naujua. Unasimama mlangoni, chumba ni kitupu, lakini wewe tayari unaziona rafu na watoto waliokaa mkekani wanasoma. Sasa ichukue ile 1,150,000. Mwenye fremu atataka kodi ya miezi sita mbele. Tuseme ni laki moja kwa mwezi: laki sita zimekwenda. Rafu za mbao, meza, kufuli na rangi ni laki mbili na nusu, tena kama fundi ni ndugu yenu. Mmebaki na laki tatu. Kwa kitabu mnachokinunua 6,000, hizo ni nakala 50. Nakala 50 ndani ya chumba chenye rafu nne, mteja anazimaliza kwa macho akiwa bado kizingitini. Atakuja mara ya pili, ataona vilevile, na hamtamwona tena.

Na mlango ukishafunguliwa, kila mwezi unakula. Piga hesabu hii ukiweka tarakimu za Mwanga pale zangu zinapokosea. Kitabu mnachokiuza 8,000 na mlikinunua 6,000 kinawaachia 2,000. Kodi ni laki moja, muuzaji laki mbili, umeme na usafi 20,000, leseni na nauli za mizigo mkizigawa kwa mwezi 30,000. Jumla ni 350,000. Gawanya kwa 2,000: vitabu 175 kila mwezi, karibu 7 kila siku ya kazi, Januari na Mei sawasawa, mvua inyeshe isinyeshe, na hapo hakuna mwanachama aliyepata hata shilingi. Je, Mwanga inanunua vitabu 7 kwa siku? Mimi sijui na ninyi hamjui. Kulijua hilo kabla ya kulipa kodi ndiyo kazi yenu ya miezi mitatu ijayo.

Kwa hiyo wekeni meza. Meza moja, turubai, maboksi mawili ya vitabu, wanachama wawili kwa zamu, mara mbili kwa wiki. Ijumaa baada ya swala, Jumapili nje ya kanisa, siku ya mkutano wa wazazi shuleni kwako, mwisho wa mwezi karibu na benki watumishi wanapotoka kuchukua mishahara. Kila mahali ombeni ruhusa kwa wenye eneo na nendeni mkiwa wasafi. Siku mkiwa Ujiji, mkiwa Gungu, mkiwa Kibirizi mashua zinapoteremsha watu, mtajifunza kitu ambacho hakuna mtaalamu wa kuwaambia, hata mimi.

Hapa kuna kifaa kimoja ambacho ningependa mkichukue kama nilivyokitumia, kwa sababu kimeniokoa kuliko daftari lolote. Kateni karatasi ngumu, hata maboksi ya madaftari yanafaa, vipande vya upana wa vidole vitatu na urefu kuzidi kitabu kidogo. Juu ya kila kipande andikeni jina la kitabu, tarehe kilipoingia, bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Bei ya kununulia iandikwe kwa herufi mnazozijua wenyewe, mteja asianze kubishana na faida yenu. Kipande kichomekwe katikati ya kitabu, ncha yake ichungulie juu. Kitabu kinapouzwa, muuzaji anakichomoa kipande na kukitia kwenye kopo. Mimi nilitumia kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko cha plastiki nilichokitoboa tundu kwa kisu.

Jioni mnalifungua kopo. Jumla ya bei zilizo kwenye vipande lazima iwe sawa na fedha iliyopatikana siku hiyo, taslimu na ya simu. Ikipungua, mnaulizana palepale wakati kumbukumbu ni mbichi. Mwisho wa mwezi mnavimwaga vipande vyote mezani na kuvipanga: hadithi za watoto huku, kamusi kule, vitabu vya dini hapa, vya kilimo pale. Mtu ambaye hajawahi kusoma mizania anaona kwa macho yake mji unanunua nini. Mama wa dagaa ataelewa haraka kuliko wahasibu wengi, maana kila siku anapanga mafungu.

Vipande vilivyobaki ndani ya vitabu navyo vina habari yao, na hiyo ndiyo inayouma. Angalieni tarehe. Kitabu kilichopita miezi sita bila kuguswa kimekuwa mgeni wa siku ya tatu, na wahenga walishasema apewe jembe. Mkirudishe kwa mchapishaji kama mlikubaliana hivyo, mkishushe bei, mkipeleke kwenye meza ya mtaa mwingine. Msikiache kikae kwa huruma. Mimi niliwahi kuagiza nakala 30 za kitabu kimoja kwa sababu nilikipenda, na bado nakipenda. Ziliuzwa 4. Miaka mitatu baadaye nilikuwa nachomoa vipande vya zile 26 zilizobaki: 182,000 kwa bei ya kununulia, kodi yangu ya miezi miwili, imesimama rafuni inashika vumbi huku mwenye nyumba akipiga hodi. Maduka mengi ya vitabu niliyoyaona yakifungwa yalikuwa na wateja. Fedha yao ilikuwa imelala katika vitabu visivyotembea, na ilipofika Januari wateja wanataka kununua, hakukuwa na cha kununulia mzigo mpya.

Sasa, mweke nini mezani? Vitabu vya kiada ndivyo watakavyokuulizia kwanza, na ndivyo ninavyowaomba mviogope. Vinatolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na serikali huvipeleka katika shule zake yenyewe. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, ukawa unapanda darasa kwa darasa. Maana yake kuna mzigo mkubwa wa vitabu vya mtaala wa zamani unaotafuta pa kwenda. Mtu akikupigia simu kutoka Dar es Salaam kwamba ana maboksi ya kiada kwa bei ya kutupa, muulize ni vya mtaala upi na darasa lipi kabla ya kuuliza bei. Chukueni vichache kwa oda tu, kwa mzazi aliyelipa nusu.

Hadithi za watoto ziwe moyo wa meza. Vitabu vya kurasa 16 au 24, vyenye picha, kwa bei ambayo mama anaweza kuitoa bila kwenda kumuuliza mtu. Tuna bahati ya kuwa navyo kwa Kiswahili safi, na sehemu kubwa ya bahati hiyo imetokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ukawasaidia wachapishaji wa hapa kuvitoa. Muuzaji asivifungie kwenye nailoni. Mtoto akishakifungua na kuiona picha ya tatu, mzazi ana kazi. Kamusi ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa Kiswahili hazikosi mnunuzi mwaka mzima. Misahafu, Juzuu Amma za watoto wa madrasa, Biblia na vitabu vya nyimbo vina mwendo wa taratibu lakini wa uhakika. Ufugaji wa kuku, nyuki, kilimo cha michikichi na kahawa: tafuteni vijitabu vyembamba vilivyoandikwa kwa lugha ya mkulima. Riwaya za Kiswahili chukueni kwa nakala mbilimbili, mkiuza mbili mnaongeza mbili.

Kigoma ina wateja ambao mimi Tabora sikuwa nao. Ziwa linawaletea watu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura, wanaosema Kiswahili chao na wanaotaka kujifunza Kiingereza. Kamusi zenye Kifaransa na Kiswahili wekeni mbili tatu na muangalie tarehe za vipande vyake. Wapo pia wasafiri wanaofika kuuliza habari za Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi kwenu ikaunganishwa hapo hapo Kigoma. Wapo wanaokwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wengi huondoka bila hata kijitabu kimoja mkononi. Lakini ninayemwazia zaidi ni mtoto wa Ujiji anayepita hapo kila siku akienda shule na hajawahi kushika kitabu kinachotaja mtaa wake.

Madaftari na kalamu? Wekeni. Januari ndiyo itakayolipa kodi ya Machi. Sharti langu ni moja: steshenari isizidi theluthi ya nafasi. Nimeona zaidi ya duka moja lililoanza na vitabu likaishia kuuza madaftari, gundi na huduma ya kutoa kopi, vitabu vimesukumwa juu karibu na dari. Hakuna ubaya kuuza madaftari, ila mtu mmoja anaweza kuyauza bila kuitisha mkutano mkuu.

Kuhusu kupata mzigo. Waandikieni wachapishaji wenyewe, barua ya chama yenye majina na simu: Mkuki na Nyota, E&D Vision, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Oxford, Longhorn, Ndanda. Waelezeni kwamba mko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kwamba mnataka kuvifikisha vitabu vyao kwa wasomaji ambao havijawafikia. Punguzo nililokuwa napata mimi lilikuwa kati ya asilimia 20 na 35 ya bei ya rafuni. Chini ya 25, nauli ikiwa juu yenu, kitabu hicho hakiwalipi. Vitabu vilivyochapwa vimesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa hiyo mtu akiwaongezea kwenye ankara, muulizeni.

Ombeni mali kauli kwa nguvu zote katika mwaka wa kwanza. Mnapokea vitabu, mnauza, mnalipa vilivyouzwa, visivyouzwa mnarudisha. Mtaji wenu unapona. Lakini mali kauli bila karatasi ni ugomvi uliowekewa tarehe. Nimelipa ada ya somo hilo. Nilileta vitabu kwenye maonyesho huko Kigoma, vikabaki nakala 40 za hadithi za watoto, nikavifungasha vizuri na kuvipakia basi la kurudi Tabora. Nilipolipokea boksi niliona linang'aa upande mmoja. Nililifungua nikakuta mawese yameingia mpaka katikati. Dumu la mtu lilivuja usiku kucha juu ya boksi langu. Kurasa zilikuwa za rangi ya machungwa na zimekuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, na ile harufu, Mwalimu, unaijua. Mchapishaji alisema vitabu viliharibika vikiwa kwangu. Mimi nilisema ni mali yake. Hatukuwa tumeandika popote nani anabeba hasara ya njiani. Nililipa kwa miezi minane.

Kwa hiyo hati yenu ya mali kauli iseme idadi, hali ya vitabu vilipofika, tarehe ya kurudisha, nani analipa nauli ya kuja na nani ya kurudi, na kikiharibika njiani ni juu ya nani. Boksi livikwe nailoni nzito kabla ya gunia. Na mkiweka rafu siku moja, ziache nafasi ya kiganja kutoka ukutani na miguu yake ikae ndani ya makopo yenye oili chafu. Mchwa wa huko wanapenda karatasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo nadhani litawagawa kuliko lingine lolote. Wanachama wenu wengi, bila shaka, wamo kwenye vicoba. Wanajua hisa kuwa ni muhuri kwenye kitabu, na wanajua kwamba Desemba lile sanduku la kufuli tatu linafunguliwa, kikundi kinavunjwa, kila mtu anaondoka na fungu lake na faida yake. Ni utaratibu mzuri, umesomesha watoto wengi. Lakini duka halivunjwi. Desemba fedha yenu itakuwa rafuni, imegeuka karatasi na wino, na siku mkiitaka yote kwa pamoja mtauza kwa hasara ili kulipana. Mwambieni kila mtu hili leo, kabla hajaongeza shilingi, tena mbele ya wenzake: hisa hii haitarudi mwisho wa mwaka. Anayetoka atoe taarifa, asubiri hesabu zifungwe, alipwe kwa utaratibu ulioandikwa, au amhamishie hisa mtu mwingine chama kikikubali. Atakayesikitika akiomba zake, mrudishieni kwa moyo mweupe sasa hivi, wakati bado mnazo.

Na watu 23 ni wachache. Mtaji wenu ni mdogo, ndiyo, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni manunuzi. Rudi kwenye vile vitabu 175. Mkiwa wanachama 80, na kila mmoja akaahidi kununua kitabu kimoja kwa mwezi, chake au cha zawadi ya mtoto wa ndugu, mmeshapata vitabu 80, karibu nusu ya safari, kabla ya mpita njia hajaingia. Mwanachama wa duka la vitabu ni mnunuzi kwanza, mwenye hisa baadaye. Kwa hiyo punguzeni hisa iwe 10,000, iruhusiwe kulipwa kwa vipande vya 2,000, na waliotoa 50,000 wahesabiwe hisa tano. Kura ibaki moja kwa kila mtu, mwenye hisa tano na mwenye moja. Muuguzi wa zamu ya usiku na kijana anayeendesha bajaji wakae kiti kimoja na mwalimu mkuu.

Faida igawanywe vipi? Hapo nawaleteeni watu wa Rochdale, mji wa viwanda vya nguo Uingereza. Watu 28 walifungua duka tarehe 21 Desemba 1844, kila mmoja akiwa amechanga pauni moja, wakaanza na siagi, sukari, unga na mishumaa. Ziada waliirudisha kwa kila mwanachama kulingana na alichonunua dukani, na aliyenunua sana akapata zaidi kuliko aliyeweka hisa akalala. Baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea magazeti na maktaba juu ya duka. Kila mara nikifika hapo katika kufundisha husimama kidogo. Watu waliokuwa wanahesabu vipande vya mishumaa walinunua vitabu kwa faida ya unga. Ninyi mnaanza na vitabu moja kwa moja. Basi kila mwanachama awe na kadi yake, muuzaji aandike kila anaponunua. Aliyenunua vitabu vya 80,000 kwa mwaka, mkutano ukiidhinisha asilimia 5, anapata 4,000. Mpeni kwa hati ya kitabu, fedha isitoke nje ya mlango.

Kuna mfano wa karibu zaidi na biashara yenu, ingawa uko mbali kwa safari: mwaka 1961 huko Chicago watu 17 walichanga dola 10 kila mmoja wakaanzisha duka la vitabu la ushirika katika chumba cha chini cha chuo cha theolojia. Lilikua likapata sifa ya kuwa na rafu za vitabu vya kitaaluma. Mwaka 2019 liligeuzwa kuwa duka lisilotafuta faida, kwa kuwa vitabu vya aina hiyo haviwezi kujilipa kwa kuuzwa tu. Nalitaja ili mtu asije akawaahidi wanachama gawio nono. Waahidini vitabu.

Jiandaeni pia kwa wazee. Mkimwendea mzee wa miaka sabini hapo Katubuka mkamwambia "duka la ushirika", anaweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Anakumbuka mwaka 1976, Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalipofungwa ili yachukuliwe na maduka ya vijiji, na rafu zikabaki tupu. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudi kwa sheria ya 1982. Msibishane naye. Mwambieni tofauti moja tu, na iwe ya kweli: hili hakuna aliyetuagiza, na siku yoyote unaweza kuingia ukaomba kuona daftari. Kisha muonyesheni lile kopo.

Mkopo: hakuna. Sisemi kwa ukali, nasema kwa kuwa nimeona. Watu wa Rochdale nao waliuza kwa taslimu tu. Mwanachama anadhani duka ni lake, kwa hiyo kuchukua kitabu na kulipa mwisho wa mwezi ni haki yake, na wewe utamwonea haya kwa kuwa mlizika pamoja juzi. Daftari la madeni likifika ukurasa wa pili, duka limeshaanza kufa. Badala yake fungueni bahasha za kudunduliza. Mzazi anachagua kamusi ya 15,000, jina lake linaandikwa kwenye bahasha, kila Jumamosi anapita na 1,000 au 2,000, muuzaji anapiga tiki na kumpa stakabadhi. Siku inapotimia anakabidhiwa mbele ya mtoto wake. Nilikuwa na bahasha kama hizo kwenye droo, zingine zimekunjwa mpaka zimelainika kwa kushikwashikwa, na sikumbuki hata mmoja aliyeiacha njiani.

Muuzaji alipwe. Kazi ya kujitolea inakwisha siku mtoto anapougua. Awe mtu anayesoma, anayeweza kumwambia mteja "hiki kitamfaa wa darasa la pili, kile bado". Asiwe mtoto wa mwenyekiti. Lipa Namba isajiliwe kwa jina la chama, kamwe isiwe ya katibu, hata kama katibu ni malaika, na akaunti ya benki iwe na watia saini watatu. Wajumbe wawili wasio kwenye bodi wahesabu stoku kila baada ya miezi mitatu bila kutoa taarifa.

Usajili wenyewe si mlima mkubwa kama watu wanavyousimulia. Sheria inayowahusu ni ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya mwaka 2013. Nenda kwa afisa ushirika wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji mapema, hata kabla ya meza ya kwanza, ajue mpo. Mtahitaji mkutano wa waanzilishi wenye muhtasari uliosainiwa, masharti ya chama, na upembuzi yakinifu, na hapo zile hesabu za vipande vya miezi mitatu zitakuwa dhahabu, kwa sababu wengi hupeleka makisio ya kichwani. Maombi kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, hupitia MUVU, mfumo wa kielektroniki wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Baada ya cheti ndipo TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya chama na leseni ya biashara. Msinakili masharti ya chama cha kahawa au cha akiba na mikopo neno kwa neno. Wakulima wa Kalinzi na Manyovu wanauza mazao yao kupitia chama, ninyi mnanunua kupitia chama, na mambo ya kutoka, mali kauli, gawio la manunuzi na marufuku ya mkopo lazima yaandikwe kwa maneno yenu. Hesabu zitakaguliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi anayeruhusiwa. Kabla ya cheti, neno "Ushirika" lisiandikwe kwenye bango lolote. Andikeni makubaliano ya maandishi kati yenu na fedha ikae benki.

Tarehe ya kuanza? Kama mnaweza, meza ya kwanza iwe tarehe 7 Julai. Ni Sabasaba na pia Siku ya Kiswahili Duniani, watu wako nje, na shule zitakuwa na sababu ya kuwaalika. Kama ni mbali, anzeni Jumamosi ijayo. Tumieni laki tatu kwa vitabu na laki moja kwa meza, turubai na nailoni, nyingine zote zilale benki.

Meza ikishatoka mara 24, waiteni wanachama wote, na wale mnaotaka wawe wanachama, mvimwage vipande sakafuni mbele yao mvihesabu kwa sauti. Vikifika 168, mmeuza 7 kwa siku. Nendeni kwa mwenye fremu mumwombe awapokee kwa kodi ya miezi mitatu. Vikiwa 100, ongezeni miezi mitatu mingine ya meza na mbadilishe mzigo. Kwa vyovyote vile niandikie. Nitumie idadi, na pia orodha ya vitabu ambavyo havikutoka hata nakala moja, na mahali meza ilipokuwa siku hizo. Hiyo orodha nitaisoma kwanza.